Wa Mwisho Kumi

Asubuhi ile kitu cha kwanza Mshale alichokiwaza alipoamka kilikuwa saa nne. Saa nne yenyewe bado ilikuwa mbali, jua halijavuka hata bati la jirani, lakini yeye alikuwa ameshaanza kuihesabu.

Mama yake, fundi cherehani, alikuwa kazini tangu alfajiri. Chumba chao kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia: huku kitanda, huku cherehani, na vipande vya vitambaa kila mahali, hata kwenye chai usingekosa uzi. Zamani kitandani walilala watatu. Sasa walilala wawili, na ile nafasi ya ukutani hakuna aliyejisogeza kuijaza.

"Leo si ndiyo wageni wa bodi wanakuja?" mama aliuliza bila kuinua macho.

"Ndiyo, mama. Wanataka maoni ya wanafunzi. Eti shule salama ni ipi."

Cherehani ikanyamaza. "Nisikilize, mwanangu. Watu wakubwa wakiuliza, wanataka kusikia wanachokijua. Wape hicho hicho. Mdomo uliponza kichwa. Mimi nilikuwa na wawili, sasa ninaye mmoja. Wakikufukuza shule, nitakupeleka wapi?"

"Sitasema kitu, mama."

"Niapie."

"Mama naye! Haki ya Mungu, sisemi."

Mama akaurudisha mguu kwenye pedali. Mshale akanywa chai nusu, nusu ikamshinda, akatoka.

Jina la Mshale, kama ule wa saa, alipewa na wenzake kwa wembamba wake na kwa kazi yake, maana huu ulikuwa mwaka wa pili yeye ndiye kiranja wa kengele. Kengele yenyewe ilikuwa rimu kuukuu la lori, limening'inizwa kwa mnyororo kwenye nguzo katikati ya uwanja, likitazamana na ghorofa la madarasa. Ililia kwa kupigwa kipande cha nondo, na ilikuwa na lugha yake. Mapigo matatu, kipindi kimekwisha. Mapigo ya mfululizo, paredi. Pigo moja zito, bendera inapanda: simama ulipo, kama umeinua mguu bakia na mguu juu. Kila asubuhi shule nzima iligeuka masanamu, na kulikuwa na mvulana mmoja aliyekamatwa na pigo hilo kinywa kimejaa maji, akakaa nayo mpaka bendera ilipofika kileleni, machozi yakimtoka kwa kucheka.

Bendera haikumtisha Mshale. Kilichomtisha kilikuwa paredi ya saa nne, na amri ya mwalimu wa nidhamu.

Mwalimu huyo waliwahi kumwita majina mengi, likadumu moja, Sajini, ingawa hakuna sare aliyowahi kuvaa zaidi ya suti yake ya michezo. Amri yake ilikuwa fupi. Kengele ikilia, dakika tatu tu, kila mtu awe mstarini. Wa mwisho kumi wanapiga magoti kwenye kokoto, kisha fimbo. Hakujali kama wamechelewa au hawakuchelewa. Hata wanafunzi wote wangekuwa swala, kumi wangekuwa wa mwisho.

Kidato cha kwanza ndio walioumia, kwa sababu madarasa yao yalikuwa juu kabisa, ghorofa ya pili. Wakubwa hawakutaka kupanda. Jengo lilikuwa na ngazi mbili. Za nyuma zilifungwa kwa mnyororo ili wanafunzi wasizitumie kutoroka, zikajazwa madawati mabovu. Zikabaki za mbele, nyembamba, zinazokata kona katikati, mahali pasipo na dirisha. Watoto mia na hamsini, ngazi moja, dakika tatu.

Mdogo wake Mshale aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama. Aliingia kidato cha kwanza mwaka jana akiwa na sare aliyoshonewa kubwa makusudi, imfae miaka miwili. Ilimfaa miezi mitatu.

Kitinda alikuwa ameshapiga hesabu zake. "Dada, mimi hukaa katikati," alimwambia jioni moja wakiosha vyombo. "Mbele wanasukumwa, nyuma wanachapwa. Katikati ndiko salama."

Jumanne moja, pale konani, kiatu kilimtoka mtoto mmoja mguuni, akainama kukiokota. Hilo tu. Walio nyuma hawakumwona, na hata wangemwona, nyuma yao ilikuwapo amri. Mshale alikuwa chini akipiga kengele, akapiga, akapiga, mpaka alipotambua kuwa hakuna anayetoka tena mlangoni. Wanne waliumia. Kitinda alitolewa katikati.

Baada ya mazishi shule ilifanya mengi. Ukuta wa nje uliongezwa matofali. Akaletwa mlinzi mwenye rungu, ikafungwa na kamera getini. Kwenye ukuta wa ngazi wakapaka maneno mekundu: TEMBEA, USIKIMBIE. Amri ya wa mwisho kumi haikuguswa. Mshale alipoomba avuliwe kengele, makamu mkuu wa shule alimshika bega akamwambia kwa upole kwamba kengele haijaua mtu.

Akabaki nayo. Tena, alipofikiri, akaona heri ibaki kwake, maana akipewa mwingine, nani atakuwa anaangalia juu? Ndipo alipoanza wizi wake. Kila siku alikwenda kwenye nguzo saa nne kasoro dakika mbili, akaanza kupiga saa nne kasoro moja, taratibu, kama mtu anayejinyoosha mkono. Sajini alianza kuhesabu saa nne kamili, hivyo watoto wa juu wakapata dakika nne badala ya tatu. Hakumwambia mtu, hata mama. Tangu hapo hajaanguka mtoto, lakini kila akimaliza kupiga alibaki akiutazama mlango wa ngazi mpaka atoke mtoto wa mwisho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sembuse yeye aliyelazimika kumwona nyoka mwenyewe kila siku saa nne.

Kipindi cha kwanza siku ile hapakuwa na somo. Makamu mkuu aliingia darasani na fungu la karatasi, akampa kila mmoja yake. Juu ya karatasi palikuwa na swali moja: Kwa maoni yako, ni nini kinachofanya shule iwe salama? Kisha akageuka, akaandika ubaoni: Ukuta. Mlinzi. Kamera.

"Huu ni mwongozo tu," alisema. "Andikeni kwa uhuru. Lakini msiandike mambo ya ajabu ajabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumeshajenga ukuta." Akacheka peke yake, akatoka, mlango akauacha wazi.

"Makamu katuandikia maoni yetu," alinong'ona msichana wa dawati moja na Mshale, ambaye kwa kutozimika mdomo walimwita Redio. "Kesho atatuotea na ndoto."

"Nyamaza, utatuponza."

"Mimi ningeandika komeo la choo cha wasichana. Kuingia, lazima rafiki akushikie mlango. Ukigombana na rafiki, wiki nzima huendi haja."

Darasa likaguna kwa kicheko.

"Mimi ngazi za nyuma," mvulana wa nyuma akasema. "Kwani ufunguo wake anao nani?"

"Aliyeufunga amestaafu."

"Kastaafu nao?"

"Mimi nataka mwalimu mmoja," alisema msichana wa dirishani, asiyesikika mara nyingi. "Mmoja tu. Ukimwambia jambo, jambo lisifike ofisini kabla wewe hujafika nyumbani."

Redio akamtupia Mshale jicho la haraka, akaliondoa. Wote walijua yeye angeandika nini. Kisha mvulana wa nyuma akasema, "Haya, nani anaanza?" na hakuna aliyeanza. Vichwa vikainama. Kalamu zikakwaruza. Mshale naye akaandika: Ukuta. Mlinzi. Kamera. Aliyaandika vizuri, kwa mwandiko wa kupendeza, na alipomaliza mdomo wake ulikuwa na ladha ya chuma.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Hayakuwa mvua ya kusimamisha kazi. Yalikuwa yale manyunyu ya kuudhi, yanayolowesha viatu na kufanya saruji iteleze. Ilipofika saa nne kasoro dakika tano Mshale aliomba ruhusa, akatoka na nondo yake. Alikusudia leo kuiba dakika mbili.

Sajini alikuwa ameshafika kwenye nguzo. Alisimama na mwavuli, saa yake ya mkononi ameigeuzia juu.

"Karibu, mwenye wakati wako," alisema. "Leo tunakwenda kwa saa yangu. Naona siku hizi jua lako linawahi."

Mshale akaishusha nondo. "Saa yangu mbovu kidogo, mwalimu."

"Ndiyo maana nimekuletea nzima." Akaelekeza kidevu kwenye baraza ya ofisi. Wageni watatu wa bodi walikuwa wameketi pale na vikombe vya chai. Kati yao mama mmoja mnene, mwenye miwani ya kamba, muuguzi mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wao. "Wale nataka wajionee nidhamu. Nimewaambia walimu wawatangazie madarasani. Leo wa mwisho ishirini."

"Ishirini, mwalimu?"

"Kwani wewe unajua kuhesabu mpaka ngapi?"

Mshale akainua macho. Habari ya ishirini ilikuwa imeshapanda ghorofani. Kwenye milango ya kidato cha kwanza aliona vichwa vimebanana, na chini ya vichwa, kupitia vyuma vya baraza ya juu, miguu: mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, kama wakimbiaji wanaongoja bunduki. Watoto walikuwa wameshatoka kwenye madawati. Wengine walishika viatu mkononi. Hilo la viatu Mshale alilielewa mara moja: walikuwa wamejifunza, wakaona bora kushuka miguu mitupu kuliko kiatu kiwatoke njiani.

"Mwalimu, ngazi zimelowa."

"Piga."

"Mwalimu, tafadhali. Wakubwa watoke kwanza, halafu—"

"Nahesabu. Ukinifikisha tatu, wa kwanza katika ishirini ni wewe. Moja."

Kichwani alimwona mama yake na mguu uliosimama kwenye pedali. Aliona chumba, kitanda, ile nafasi ya ukutani.

"Mbili."

Alipiga. Hilo ndilo ambalo baadaye halikumtoka, hata watu walipomsifu: kwamba alipiga. Mkono wake mwenyewe uliinuka, ukashuka, ukainuka, mapigo ya mfululizo, na kule juu ghorofa likanguruma. Alizijua zile ngurumo. Miguu midogo mia tatu juu ya saruji ina sauti yake, huisikii kwa sikio, unaisikia kwa meno. Wa kwanza wakachomoza mlangoni chini, wakiteleza, wakishikana mashati. Wakaja wengine. Kisha wakapungua. Kisha akasikia, kutoka kwenye ile kona isiyo na dirisha, sauti ya mtoto ikiita, "Jamani! Jamani!" na mlango ukawa mtupu.

Mkono wake ukasimama hewani. Halafu ukashuka mara moja, kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Pigo moja.

Shule nzima ikasimama. Waliokuwa uwanjani wakasimama kwenye matope. Waliokuwa kwenye milango wakaganda. Na kule ndani ya ngazi, ngurumo zikakatika kama uzi, maana tangu siku ya kwanza shuleni miguu ile ilifundishwa kwamba pigo moja ni moja, hakuna kuuliza bendera iko wapi. Manyunyu yakasikika kwenye mwavuli wa Sajini.

"Umefanya nini?" alisema, kwa sauti ndogo ya kutisha kuliko fimbo. "Wapigie paredi. Sasa hivi."

Mshale aliitupa nondo matopeni. Akakimbia, yeye peke yake aliyekuwa akisogea katika uwanja mzima, akaingia mlangoni, akapanda. Watoto walikuwa wamebanana kwenye vidato vya ngazi, vifua kwenye migongo, kimya, macho tu yakimfuata. Konani walikuwa wamelaliana watano. Wa chini kabisa alionekana mkono.

"Msitikisike," alisema, na sauti haikuwa yake. "Wa juu, rudi nyuma kidato kimoja. Kimoja tu. Kingine. Kingine."

Wakarudi. Akaanza kuinua, mmoja, wa pili. Nyuma yake akasikia mtu mzito akipanda akihema. Ni yule mama muuguzi, viatu ameviacha chini, miwani inamning'inia. Wakainua pamoja. Wa mwisho alikuwa msichana mdogo, mwenye sare kubwa iliyokunjwa mikono, na damu ya pua. Mshale alipoiona ile mikono iliyokunjwa, ukuta ulimzunguka. Muuguzi akaweka vidole shingoni mwa mtoto, akasubiri, na kusubiri kule kulikuwa kurefu kuliko mwaka.

Mtoto akakohoa.

"Yu hai huyu," muuguzi akasema. "Haya, bibi, vuta pumzi. Nani kakwambia ukimbie kwenye maji?"

Mtoto akamtazama, akaanza kulia. "Wa mwisho ishirini, mama. Tafadhali, mimi sikuwa wa mwisho. Nilikuwa katikati."

Ofisini waliingia watu sita, na Mshale peke yake ndiye hakupewa kiti. Juu ya meza palikuwa na fungu la karatasi za maoni. Muuguzi alizipitia moja moja, akilowesha kidole. Ukuta, mlinzi, kamera. Ukuta, mlinzi, kamera.

"Watoto wote hawa," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyeanza na mlinzi. Makamu, umewalea vizuri, wanafikiri kwa mstari." Akaziweka kando. "Wewe, mwanangu. Hii ya kwako ni ipi?"

"Yoyote tu, mama. Zote sawa."

Mmoja wa wageni akakohoa kuficha kicheko. Sajini hakucheka. Alikuwa akimtazama Mshale bila kupepesa. Mshale alikuwa amemwapia mama yake. Angeweza kusema ni mvua, na kila mtu chumbani angepumua.

"Basi niambie kwa mdomo," muuguzi akasema. "Shule salama ni ipi?"

"Mimi sijui shule salama, mama. Najua ngazi zile." Akazitazama zile karatasi. "Kila siku naiba dakika moja. Naanza kengele kabla ya wakati ili wa juu washuke polepole. Ukuta hauwasaidii. Mwizi hajawahi kuja. Wanamkimbia mwalimu. Kila siku lazima kumi wachapwe, kwa hiyo kila siku wote wanakimbia. Mdogo wangu alikufa pale konani mwaka jana. Aliitwa Kitinda. Mimi ndiye niliyepiga kengele."

Makamu mkuu akaipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza.

"Kwa hiyo unakiri umekuwa ukiharibu ratiba ya shule," Sajini akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

Alirudishwa nyumbani na barua: amesimamishwa masomo wiki moja, na kengele amevuliwa. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena, akaketi kwenye kiti cha cherehani.

"Umesema."

"Nimesema, mama. Nisamehe."

"Nilikuapisha."

"Najua."

Mama aliishika barua kwa ncha za vidole, kama kitu chenye pini. "Mdogo wako ulimtaja?"

"Nilimtaja."

"Kwa jina?"

"Kwa jina."

Mama akavuta kitambaa cha watu kutoka kwenye mashine, nguo ya mteja ya harusi, akajifunika nacho uso. Tangu mazishi hakuwa amelia mbele ya Mshale. Alilia mpaka kitambaa kikawa cha kufuliwa upya. Kisha, bado amejifunika, akasema, "Na wakikufukuza kabisa? Ninaogopa, mwanangu. Ninaogopa sana."

"Na mimi, mama."

Wiki ikaisha. Mshale aliporudi alikuta tangazo ubaoni: adhabu ya wa mwisho imesitishwa kwa muda, bodi ikiendelea kutafakari. Ngazi za nyuma zilikuwa bado na mnyororo, ufunguo unatafutwa. Sajini alikuwapo, suti ile ile, akapita pembeni yake kama anayepita kiti. Kengele alikuwa amepewa Redio, ambaye aliapa ataipiga kwa adabu.

Saa nne Mshale alikuwa darasani kwake, ghorofa ya chini. Redio akapiga, taratibu, mapigo yenye nafasi katikati. Mshale akavuta pumzi. Halafu juu ya kichwa chake dari likanguruma, ngurumo zile zile za miguu midogo mia tatu, na vumbi la chokaa likashuka kwenye daftari lake.

Amri ilikuwa imesitishwa kwenye karatasi. Miguu haijui kusoma.

Hakuomba ruhusa. Alitoka, akapenya kati ya wanaoshuka, bega kwanza, akisukumwa ukutani, akivuta vyuma, mpaka konani. Hakuwa amesimama pale tangu siku ile, na kabla yake hakuwa amesimama pale kamwe. Palikuwa na giza na harufu ya viatu. Kila kiungo chake kilimwambia ashuke. Akageuka akawatazama walio juu, akanyoosha mikono yote miwili mpaka ikagusa kuta mbili, na kundi la watoto likamjia kifuani.

Wa mbele wakafunga breki. Wa nyuma wakasukuma, akahisi uzito wao ukimjia wote, mgongo wake hewani, vidato nyuma yake. Mguu mmoja ukateleza. Akaurudisha.

"Dada, tupishe!" mvulana mmoja alilia, macho yamemtoka. "Tutakuwa wa mwisho!"

"Hamtakuwa. Wa mwisho ni mimi."

"Kweli?"

"Nitashuka nyote mkishashuka. Hakuna atakayekuwa nyuma yangu. Haya, wawili wawili, mshikane mikono."

Walimtazama. Hawakumwamini, alijua, lakini wa mbele alikuwa mdogo kiasi cha kupita chini ya kwapa lake bila kuinama, akamshika mwenzake, akapita. Wakapita wawili. Wakapita wengine wawili. Mikono ya Mshale ilibaki imenyooka juu yao, na kila wawili walipopita alisikiliza miguu yao nyuma yake mpaka ilipofika matopeni, ndipo akawaruhusu wawili wengine. Chini Sajini alikuwa akipuliza filimbi. Alipuliza tena. Juu walibaki thelathini, ishirini, na hao ishirini hawakusukumana. Walikaa kwenye vidato wakingoja zamu yao, mmoja akifunga kamba za viatu.